Unyayo Ukiingia kwa Mkubwa

Mwita, baba,

Watu wengi wanapokwenda kumdai mkubwa, kosa lao ni moja: huanza kwa kumweleza jinsi alivyo mbaya. Wanadhani akishaujua ubaya wake ataona haya, na akiona haya atalipa. Nimekaa kwenye kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka nywele zikabadilika rangi, na sijamwona mkubwa aliyelipa kwa sababu hiyo. Nimewaona wengi waliopata kisingizio cha kuondoka wamekasirika.

Nakuandikia kwa ajili ya karatasi uliyoniachia mezani juzi. "Mama, isome, uniambie," ulisema. Niliisoma mara mbili, nikakuambia Kiingereza chako kimenyooka, kisha nikaenda kumwagilia miche ya kahawa. Ukanifuata hadi kwenye kitalu. "Mama hakimu, nimeuliza hoja, sijauliza lugha." Nikakujibu kwamba hukumu haitolewi siku ileile ya kusikiliza kesi. Ulicheka, lakini niliona hukupenda.

Sasa umekwenda Kewanja kumuaga mjomba wako, na nimepata utulivu wa kuandika. Ukirudi jioni utaikuta barua hii juu ya karatasi zako, na kesho alfajiri gari la Mwanza litakuchukua.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za chakula cha ugenini, wala za kupiga simu kila Jumapili. Shangazi yako Wankuru ameshayasema hayo yote, na ameyasema mbele ya majirani ili uone haya ukisahau. Mimi nimebaki na aya yako ya kwanza.

Utaniwia radhi nikieleza jambo unalolijua kuliko mimi. Marehemu baba yako alikuwa akisema mke wake hueleza mpaka chai inapoa. Ni kweli, lakini mimi nikieleza ndipo naelewa.

Mataifa yalikaa pamoja, na kila moja likaandika kwa mkono wake kikomo cha ushuru litakaotoza bidhaa za wengine. Hakuna aliyelazimishwa kuandika namba fulani. Lile taifa kubwa liliandika kikomo chake, likatia sahihi, na kwa miaka mingi likawakumbusha wengine kutovuka vikomo vyao. Kisha siku moja likaamka likavuka cha kwake. Nchi nyingine ikafungua kesi Geneva, kwenye shirika la biashara la mataifa. Nchi yetu ikaomba kuingia katika kesi hiyo kama upande wa tatu: si mdai wala mdaiwa, ila mwenye haki ya kukaa chumbani na kusema neno. Wewe unakwenda kufanya kazi katika ofisi yetu ya huko, na kabla hata hujafika mkuu wako amekupa kazi ya kuandika rasimu ya neno hilo.

Na huku kwetu, mashine ya kukaangia kahawa ya shangazi yako na wenzake wa Nyamwaga imefunikwa turubai. Mnunuzi wao wa nchi ile amesema kwa ushuru huu mpya hawezi, lakini hajaondoka. Amesema atasubiri mpaka msimu ujao. Mabinti waliokuwa wakichambua kahawa pale wamerudi nyumbani kwao. Kwangu mimi, kesi yote ya Geneva ni hiyo: je, ahadi itarudi mahali pake kabla mnunuzi hajachoka kusubiri?

Aya yako ya kwanza inasema taifa lile ni nafiki. Inasema limefundisha dunia nzima kufungua milango huku likipima kufuli za mlango wake. Hiyo ya kufuli ni sentensi nzuri, baba. Ndiyo iliyonitia hofu. Mimi nami niliwahi kuandika sentensi nzuri.

Ulikuwa bado mgongoni wakati nilipopangiwa mahakama moja ya upande wa Serengeti. Ilikuwa nyumba ya bati yenye dirisha moja, na mvua ikinyesha tulisimamisha kesi kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake. Huko kulikuwa na kijiji kidogo na kijiji kikubwa, mto katikati. Sitavitaja majina. Wajukuu zao wanaoleana siku hizi, na mimi hualikwa pande zote mbili.

Unaijua desturi ya unyayo kwa kuisikia, lakini hujawahi kuiona ikifanya kazi, kwa hiyo nikueleze. Ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa, vijana wanaushika unyayo. Wakifika mpaka wa kijiji kingine hawaingii kama wavamizi. Wanasimama, wanapiga yowe tena, na wenyeji wanatoka kuupokea unyayo. Tangu hapo ni kazi ya wenyeji kuufuata ndani ya ardhi yao na kuutoa upande wa pili, waukabidhi kwa kijiji kinachofuata. Wakishindwa kuonyesha mahali unyayo ulipotokea, kijiji kizima kinalipa, mwizi awe wao au asiwe wao.

Wageni hushangaa wakisikia hivyo. Huuliza, mnamlipishaje mtu ambaye hakuiba? Mimi mwenyewe nilipotoka chuoni na vitabu vyangu niliona ni uonevu. Baadaye nilielewa kwamba desturi ile haimtafuti mwenye dhambi. Inahakikisha kwamba hakuna kijiji kitakachopata faida kwa kufumba macho. Na ilishika kwa sababu kila kijiji kilijua kwamba leo kinapokea unyayo wa jirani, na kesho ndicho kitakachosimama mpakani kwa jirani kikipiga yowe.

Kijiji kikubwa ndicho kilichoipigania desturi hiyo kuliko wote. Enzi hizo kilikuwa bado kidogo na kiliibiwa sana. Mzee wao mmoja, Marwa, alisimama katika iritongo, ule mkutano wa hadhara wa wazee, akasema neno lililokumbukwa na kila mtu: "Unyayo ukipotelea kwako, umekula wewe." Vijiji vyote vikakubali, vikaapa.

Miaka ikapita. Kijiji chao kikakua, kikapata vijana wengi na mifugo mingi. Ndipo ng'ombe wa mtu mmoja wa kijiji kidogo, Nyamhanga, wakaibwa zizini. Walikuwa wale aliowatenga kwa mahari ya mwanawe. Unyayo ukavuka mto, ukaingia kwa wakubwa, wakaupokea kama inavyotakiwa. Kisha wakarudi wakasema umepotea. Umepoteaje? Kundi la ng'ombe wao lilikuwa limepitishwa juu yake likienda kunywa maji.

"Sasa tufanyeje?" Mzee Marwa aliuliza. "Ng'ombe wetu wasinywe maji kwa sababu ninyi mmeibiwa?"

Watu wake wakacheka. Wakakataa kulipa. Nyamhanga akaleta madai mahakamani kwangu.

Siku ya hukumu chumba kilijaa. Watu wa kijiji kidogo walikuwa wakipiga kelele "Wezi! Wezi!" na mimi, badala ya kuwanyamazisha, nilizipa kelele zao chakula. Nilikuwa nimeandika hukumu ya kurasa kadhaa, na katikati yake niliweka sentensi niliyoitengeneza kwa siku nzima: kwamba kijiji kile kimekuwa kama fisi aliyekabidhiwa ufunguo wa zizi. Niliisoma polepole ili isimpite mtu.

Mzee Marwa akasimama. Alikuwa mrefu, na hakuwa na haraka.

"Mheshimiwa mama," akasema, "mimi nilitoka nyumbani kuja kujibu habari za ng'ombe. Kumbe nimeitwa kujibu habari za fisi. Basi fisi hana ng'ombe wa kumlipa mtu."

Akavaa kofia yake, akatoka, na watu wake wote wakamfuata. Chumba kikabaki nusu.

Baadaye sana nilikuja kuambiwa kwamba asubuhi ile walikuwa wamekuja na shauri la kuanza kulipa majike mawili. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema tulipe, wengine tusilipe. Sentensi yangu iliwaunganisha. Aliyetaka kulipa hakuweza tena kufungua mdomo, maana angeonekana amekubali kuwa fisi. Zingatia hapo, Mwita. Ndani ya kila mkubwa kuna watu wanaotaka neno la nyumba yao litimizwe. Hata katika taifa lile wapo: wanunuzi kama yule wa shangazi yako, wanasheria, wabunge, watu wa kawaida wanaokunywa kahawa na kulalamikia bei. Ukilitukana taifa zima, hao ndio unaowaziba mdomo kwanza.

Haikuchukua muda, kijiji kikubwa nacho kikaibiwa. Na unyayo, kama ulivyo mzaha wa Mungu, ukavuka mto kuja kwa wadogo. Wakubwa wakasimama mpakani wakapiga yowe. Vijana wa kwa Nyamhanga wakatoka, wakakunja mikono.

"Hatupokei!"

"Mura, kijana wangu, ni desturi hii!"

"Desturi gani? Unyayo wenu na ukanywe maji mtoni pamoja na ule wetu!"

Walikuja kunisimulia huku wakishikana mabega kwa kicheko. Nami nikacheka. Nilikuwa mtu wa serikali. Neno langu moja lingewarudisha mpakani. Sikulisema. Nilijiambia moyoni, waache waonje.

Walionja, lakini sahani ikazunguka ikafika kwetu. Tangu siku hiyo hakuna kijiji kilichopokea unyayo wa kijiji kingine. Kila mtu alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za haki. Aliyeibiwa alivuka mpaka na upinde mkononi. Kijana mmoja wa kijiji kidogo alirudi na mshale begani, mkono wake wa kuume haukunyooka tena. Na wezi? Wezi walinenepa. Kijiji kikubwa kiliweka walinzi, kilikuwa na vijana wa kutosha. Wadogo walilala kwa zamu mpaka wakachoka, wakaibiwa kuliko zamani.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo chuoni niliandikiwa ubaoni nikalinakili bila kulielewa. Sheria ikifa, mkubwa hupata hasara, lakini mdogo hupata msiba. Kwa hiyo mdogo asiwe wa kwanza kuichana, hata kama aliyeanza kuipasua ni mwingine.

Nikaenda kwa Nyamhanga. Nilimkuta anajenga boma jipya la zizi lisilo na ng'ombe.

"Unyayo wao ukija tena," nikamwambia, "upokeeni."

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mama hakimu, unataka nimsaidie mwizi wangu kutafuta ng'ombe wake?"

"Nataka ubaki na mdomo wa kumdai."

"Mdomo ninao."

"Unao, lakini siku ulipokataa unyayo wao uliufunga mwenyewe. Ukisimama leo ukasema walivunja desturi, watakuuliza, na wewe je?"

Aliendelea kuchimba shimo la nguzo. Lakini unyayo ulipokuja tena, Nyamhanga mwenyewe ndiye aliyetoka kuupokea. Aliufuata na vijana wake porini mchana kutwa, akautoa upande wa pili, akaukabidhi kwa kijiji kingine mbele ya watu. Ng'ombe wa wakubwa wakapatikana. Hakudai asante.

Ndipo akaomba iritongo. Si lake na wakubwa peke yao. Aliwaita wazee wa vijiji vyote vilivyokuwa vimeapa, hata vile visivyoibiwa wala kuiba. Mimi niliruhusiwa kukaa pembeni, nikaonywa nisiseme kitu. Nilikuwa nimejifunza, sikusema.

Nyamhanga akasimama. "Mzee Marwa, shikamoo."

"Marahaba."

"Mwaka ule mlipokuwa mkiibiwa sana, ulisimama mahali kama hapa ukasema neno. Mimi nilikuwa mdogo. Naomba unisaidie kulikumbuka."

Marwa akatazama chini. Kisha sauti ikatoka nyuma, mzee wa kijiji kingine kabisa: "Alisema, unyayo ukipotelea kwako, umekula wewe!" Mwingine akadakia: "Na aliapa. Na sisi tukaapa kwa sababu yake." Mwingine akasema, "Mimi nililipa ndama kwa neno hilo, na mwizi hakuwa wangu!" Watu wakacheka kidogo, na Marwa akainua mkono.

"Niacheni. Mimi si mtoto. Nilisema, na nakumbuka nilivyosema."

"Basi sina neno jingine," akasema Nyamhanga. "Tuonyesheni unyayo wa ng'ombe wangu ulipotokea." Akakaa chini.

Nilikuwa nimemtarajia aseme zaidi. Nilikuwa nimemwandalia hata maneno kichwani mwangu: ya maji, ya kicheko chao, ya mahari ya mwanawe. Hakutumia hata moja. Ombi lake lilikuwa dogo kiasi kwamba hapakuwa na mahali pa kulikwepea.

Mzee mmoja wa kijiji cha tatu akakohoa, akasema polepole kwamba wachungaji siku hizi ni watoto wadogo, na huenda walipitisha ng'ombe pale bila kujua. Marwa akalipokea neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. "Ndiyo," akasema. "Watoto wetu hawakujua. Kosa la mtoto ni la mzazi. Tutalipa."

Kila mtu pale alijua kwamba wachungaji walijua. Hakuna aliyecheka. Laiti angecheka mtu mmoja, tungekuwa bado tunadai mpaka leo.

Sikufichi, malipo hayakuwa ya furaha. Yalikuja kwa vipande, msimu huu jike, msimu ule ndama, na hayakufikia idadi ya ng'ombe walioibwa. Mmoja alikuwa na pembe moja na tabia mbaya. Mwana wa Nyamhanga alioa akiwa amechelewa, na yule wa pembe moja akapelekwa katika mahari, wakweze wakamtania kwamba ameletewa nusu ya ng'ombe. Lakini unyayo ulipokelewa tena pande zote za mto. Hakuna kijana mwingine aliyerudi na mshale begani.

Sasa turudi kwenye meza yetu. Juzi wakati wa chakula ulisema jambo lililonikaa. Ulisema, "Mama, hata tukishinda watakata rufaa, na benchi la rufaa halina majaji. Kesi italala huko miaka. Na sisi hatuwezi kulipiza. Tukipandisha ushuru wa mashine zao, anayeumia ni fundi wetu. Sasa naenda kufanya nini, kusoma mashairi?" Shangazi yako akakuambia ule kwanza, mashairi hayapoi.

Swali lako ni la mtu mzima, nami sitalijibu kwa maneno ya kukufariji. Najua mataifa si vijiji vya ng'ambo na ng'ambo. Mfano ukivutwa sana hukatika. Mzee Marwa alikuwa akikutana na Nyamhanga mnadani kila mara. Wakubwa wa taifa lile hawatakutana na Wankuru hata siku moja. Wana uchaguzi wao, wana viwanda vyao vinavyowasukuma, na wanaweza kukaa na unyayo wetu miaka bila kukosa usingizi. Sikuahidi kwamba mtashinda, wala kwamba mkishinda watatii.

Lakini mimi nami nilikuwa na hukumu isiyo na mkono wa kuitekeleza. Polisi wangeweza kumkamata mtu mmoja. Kijiji kizima hakikamatwi. Kilichomrudisha Marwa ni kwamba alikuwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe ataibiwa tena, na akiibiwa atahitaji majirani waupokee unyayo wake. Taifa kubwa la biashara lina bidhaa katika kila bandari ya dunia. Lina makampuni yanayolia kila siku kwamba nchi fulani imevunja ahadi kwao. Linahitaji neno lake lisikilizwe litakapokuwa ndilo linalopiga yowe. Kazi yako mle chumbani ni kuwa mmoja wa wale wazee wa nyuma waliosema, "Alisema, na sisi tukaapa kwa sababu yake." Sauti moja ya namna hiyo ni ndogo. Marwa hakushindwa na sauti moja. Alishindwa na hesabu ya vijiji ambavyo angevihitaji kesho.

Ndiyo maana nimeifurahia nchi yetu kuomba kuingia kesi isiyo yake. Wengi watasema tunajipendekeza, au tunajitafutia ugomvi. Wale wazee wa vijiji vingine nao hawakuwa wameibiwa siku ile. Wangekaa nyumbani, iritongo lingekuwa ugomvi wa watu wawili, na katika ugomvi wa watu wawili mwenye mkono mnene ndiye mwenye haki.

Jambo jingine utakaloulizwa ni la kwetu. Sisi nasi huwa tunafunga mpaka bila kubisha hodi. Nimeona malori ya mahindi na vitunguu yakizuiwa mpakani kwa tangazo la asubuhi ile ile, mzigo ukioza juani, dereva wa Kenya akiuliza, "Hii sheria imeanza saa ngapi, mama?" Mawakili wa taifa kubwa watakuwa wanayajua hayo. Usiyakane, na usiyaonee aibu hadi ukanyamaza. Ila ukipata nafasi katika kazi yako, wakumbushe wakubwa wako kwamba Nyamhanga alitoka kwanza kuupokea unyayo wa watu, ndipo akaomba mkutano.

Nafahamu hasira yako. Nilikupa jina la baba yangu, ndiyo maana nimekuita "baba" tangu hujaanza kutembea, na nadhani nilikupa na hasira yake pamoja na jina. Aliwahi kumfukuza karani wa pamba na mizani yake shambani, na alikuwa na haki, na mwaka huo pamba yetu ililala nyumbani ikaliwa na panya. Sikuambii usikasirike. Anayeona mashine ya Wankuru chini ya turubai asikasirike ana kasoro. Iweke hasira katika kazi: katika kuchimba karatasi za zamani, katika kujua kila ukurasa ambao taifa lile lilitia sahihi, katika kukaa kwenye kiti mpaka kikao kiishe wenzako wakiwa wameshakwenda kunywa kahawa. Lakini usiiweke katika aya ya kwanza. Pale ndipo Marwa anapoamua kama atakaa au atavaa kofia.

Leo asubuhi nilipita kwa shangazi yako kule Nyamwaga kuchukua ile kahawa anayotaka uwapelekee wenzako wa ofisini. Alikuwa ameinua pembe ya turubai, anafuta vumbi kwenye ngoma ya mashine, mashine isiyofanya kazi. Nikamsomea aya yako kwa Kiswahili. Nilitaka kujua atasemaje, maana kesi ni yake kuliko ilivyo yangu au yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka nilipofika kwenye kufuli.

"Kijana anajua kusema," akaniambia. "Lakini mwambie mimi sitaki waaibike. Mimi nataka wanunue kahawa."

Kisha akarudisha turubai, akalifunga kamba vizuri, kama mtu anayetegemea kulifungua.

Hukumu yangu ni hiyo, na rufaa yake iko wazi. Unajua nyumba ninayoishi. Nenda salama, Mwita. Mungu wa baba zako akutangulie, na ukifika mbele ya wakubwa uamkie kwa heshima kama tulivyokufundisha, maana heshima haijawahi kumpunguzia mtu deni.

Mimi mama yako nakuomba jambo moja, ulifanye leo, kabla hujafunga begi: chukua kalamu, futa aya ya kwanza yote, na mahali pake nakili, neno kwa neno, ahadi waliyoiandika wenyewe.